Samaki wa Chini ya Mashine

Mimi ni Mwislamu, binti wa Mwislamu, na tone la pombe halijapita kooni kwangu tangu nizaliwe. Lakini daktari wa kambi ya dhahabu aliniangalia mara moja tu. Aliona ninavyoyumba, akasikia ulimi wangu unavyoburuta maneno, akamwambia muganga msaidizi wake aandike kwenye karatasi yangu: mlevi. Kifaransa sikukijua. Ni yule msaidizi, mtu mweusi kama mimi, aliyenisomea, na alinisomea kwa sauti mbele ya wanawake wote waliokuwa kwenye benchi na watoto wao wa homa. Wakacheka. Nimepatwa na mengi baada ya hapo, lakini hilo bado linanichoma hata nikiwa nasonga ugali.

Sisimulii ili nihurumiwe. Huruma nimepewa ya kutosha, na haiondoi ganzi. Nasema na wewe unayekaa karibu na mashine za kuoshea dhahabu, wewe unayeamka asubuhi midomo imekufa na vidole havishiki uzi. Mimi si daktari, mambo ya damu na mishipa siyajui. Nitakueleza nilichokula.

Jina langu Sakina. Nilizaliwa upande wa Wamaza, kwa Wabangubangu, wakati wa Wabelgiji. Mume wangu Ramazani aliandikwa kazi na kompani moja ya dhahabu, tukaenda kukaa kambini kwao, mbali na kwetu: nyumba za matofali zimepangwa mistari, kengele alfajiri, na rukusa ya karatasi hata ukitaka kwenda kumzika mjomba wako. Tulikuwa na binti mmoja, Zawadi, na mama mkwe wangu Bi Asumini alikaa nasi. Ramazani alifanya kazi kwenye meza za kuoshea, pale mchanga unapochanganywa na zebaki, ile dawa nzito inayong'aa, ili ikamate dhahabu. Maji ya meza zile yalimwagwa kijitoni. Kijito chenyewe kilipita nyuma ya nyumba zetu. Maji ya kunywa tuliteka chemchemini, lakini kijitoni ndiko tulikofua, na ndiko tulikovua.

Sasa nikueleze habari ya utupa, maana bila hiyo utaniona mjinga tu. Kwetu, kila kiangazi maji yakipungua, wanawake huenda kuvua kwa utupa. Tunachuma majani yake, tunayatwanga, tunaziba kijito kwa matope na matawi, halafu tunayaosha yale majani ndani ya maji. Haupiti muda, samaki wanalewa. Wanazunguka, wanapinduka tumbo juu, unawaokota kwa kikapu huku unaimba. Unatoa matumbo, unaosha, unapika. Bibi yangu alikula samaki wa utupa mpaka meno yakamwisha, na hakuumwa hata kichwa. Utupa unalevya samaki, haulevyi mtu. Hilo kila mtoto wa kike wa kwetu analijua kabla hajajua kusuka mkeka.

Kiangazi chetu cha pili kambini, samaki wa kijito walianza kulewa. Hakuna aliyetwanga jani. Kambare wakubwa walikuja juu, wanazunguka polepole, unamshika kwa mkono mtupu. Wanawake walisimama ukingoni wakitazamana. Posho ya kompani wakati ule ilikuwa unga na maharage yenye wadudu, wiki baada ya wiki, na watoto walikuwa wamechoka maharage mpaka wanalia wakiona chungu. Wenzangu wengi walitoka mbali, wengine hawajui utupa hata kwa jina. Mimi ndiye niliyejua. Basi mimi na mdomo wangu nikaingia majini.

Jirani yangu Katarina, mke wa Pius mpishi wa bwana mkubwa wa kompani, alinipigia kelele, "Ee Sakina! Hii samaki inakufa yenyewe. Mutu anakulaka kitu kilichokufa chenyewe?"

"Samaki hachinjwi," nikamwambia. "Kwani hujaona utupa wewe? Hii ni utupa ya wazungu, inatoka kule kwa mashine. Toa matumbo, osha, pika. Hakuna neno."

"Na ukikufa?"

"Nikikufa, kula sehemu yangu."

Wakacheka wote. Nilipika palepale uani, mawese na pilipili, nikala mbele yao, nikamlisha Zawadi mbele yao. Kesho yake hakuna aliyebaki nyumbani, kijito kizima kilijaa vikapu. Katarina alikuja wa mwisho, na alikuja na vikapu viwili. Waliniita fundi, nami nikafurahi, nisiseme uongo. Mdomo huponza kichwa, na wangu uliponza vichwa vya kambi nzima.

Tulikula kiangazi kile chote, na mvua zilipoanza tukala tuliowakausha kwa moshi. Ilianza midomoni. Niliamka nahisi kama midomo si yangu. Halafu ncha za vidole, halafu nyayo. Kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari. Fizi zilivimba, zikatoa damu. Nilivunja vyungu viwili kwa siku moja, Bi Asumini akasema mikono yangu ina uvivu. Kikwembe changu nilishindwa kukifunga, kikanidondoka mbele ya wanaume chemchemini, na niliomba ardhi inimeze. Baadaye macho. Niliona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi, na aliyesimama kando yangu nilimgonga. Ulimi nao ukawa mzito. Nilijua ninachotaka kusema, lakini kilitoka kimechelewa na kimepinda.

Ndipo nikaenda dispensari, nikangoja tangu kengele ya asubuhi mpaka jua la utosi, nikapewa ile karatasi ya mlevi. Nilipofika nyumbani Ramazani aliuinua uso wangu kwa mkono, akanusa mdomo wangu. Mume wangu, aliyenioa kwa msahafu, alinusa mdomo wangu! Kapita wake, msimamizi wa meza, alikuwa amemchokoza kazini kwamba mke wake anapika pombe usiku. Siku ile sikumpa chakula, na nilitamani ningekuwa na nguvu ya kumpa kofi.

Mvua zilipokolea sikuweza tena kusimama bila ukuta. Daktari akabadili neno: sasa nina malale, ugonjwa wa mbung'o, nipelekwe Kasongo. Walinipakia kwenye motokari ya kompani juu ya magunia. Zawadi alikimbia nyuma yake akiniita, na Bi Asumini alimshika kwa mkono akamwambia kwa sauti ili nami nisikie, "Usilie, mutoto wangu. Nitakulisha mpaka uwe na nguvu kuliko mama yako."

Hospitali ya Kasongo ilikuwa na baraza ndefu. Pale tulikaa chini kwa safu, kila mtu na karatasi yake, tukisogea matako kwa matako kila mmoja anapoitwa. Nilisogea siku mbili kabla sijafika mlangoni. Walinichoma sindano ya mgongo, mimi nimekunjwa kama mtoto tumboni, wanaume wawili wamenishika, na baada yake kichwa kiliniuma siku tano. Hawakuona kitu. Wakasema watanichoma dawa ya malale hata hivyo, huenda imejificha. Tangu hapo sikuhesabu siku, nilihesabu sindano. Ya kwanza nilitapika. Ya tatu mkono ulivimba. Nilipouliza kwa nini nachomwa dawa ya ugonjwa ambao hawajauona, niliambiwa ninyamaze, dawa ni ya bure.

Lakini palikuwa na mama mmoja wa Nyangwe, Amisa, aliyekuwa akimuuguza dada yake kwenye mkeka wa pili. Mungu amlipe. Aliona ninavyomwaga wali kifuani, hakucheka. Alikuja akakaa, akaanza kunilisha kwa mkono wake, sombe ya majani ya muhogo na wali, akinitania: "Fungua mudomo, bibi harusi." Kila asubuhi alinifunga kikwembe kwa fundo lake la Nyangwe ambalo halifunguki hata ukipigana. Sombe na wali, wali na sombe, sindano kumi na mbili. Na taratibu, bila mtu kujua kwa nini, nikaanza kurudi. Siku moja Amisa alinipa sindano ya kushonea na uzi. Nilijaribu asubuhi nzima, na adhuhuri uzi ukapita tunduni. Nililia mpaka wagonjwa wengine wakafikiri nimefiwa. Daktari aliandika kwamba dawa yake imefanya kazi.

Nikarudi kambini mwanzo wa kiangazi. Zawadi alikuja kunilaki, na akaanguka. Njia ilikuwa sawa, haina jiwe, na mtoto wa miaka sita akaanguka. Akainuka, akacheka, akaanguka tena. Nilimshika, nikamtazama anavyokunywa maji: kikombe kilimgonga meno, nusu ikamwagikia shingoni.

"Mutoto iko namna gani?" nikamuuliza Bi Asumini.

"Anakuiga wewe," akasema. "Ameona mama yake anayumba, naye anayumba. Lakini anakula vizuri. Kila siku ninamupa kichwa cha kambare na maini, na mchuzi asubuhi. Hakuna mutoto kambini anayekula kama huyu."

Nami nilifanya nini? Nilimshukuru. Wallahi, nilimshukuru, nikakaa nikala naye. Haikupita miezi miwili midomo yangu ikafa tena. Na hata hapo sikuona! Nilikuwa na akili timamu na macho mawili, nimepona nikila sombe, nimeugua nikila kambare, na bado sikuona, kwa sababu utupa haulevyi mtu. Ukiwa umefundishwa jambo na bibi yako mzaa mama, jambo lenyewe halikai kichwani tena, linakaa mifupani, na mifupa haiulizi.

Ukoo wa Ramazani wao waliona haraka. Walisema nimeutoa Kasongo uchawi nikauleta kwa mtoto. Wajomba zake walikuja na rukusa ya siku tatu, wakaketi uani, wakakata shauri: mimi nirudishwe kwetu Wamaza, na Zawadi abaki kwa bibi yake, ndiye anayejua kumlisha. Nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika fremu kwa mikono miwili. Kila neno nililisikia. Kumbe naachwa na mtoto nanyang'anywa, na ulimi wangu hauwezi kutoa hata tusi moja lililonyooka.

Jioni ile Katarina alikuja kunifariji, mimba yake ya miezi saba mbele yake, na mumewe Pius akamfuata na bakuli lililofunikwa. Pius alikuwa mtu mpole, na alikuwa amevaa bado aproni ya kazi. Akaweka bakuli chini. "Kambare," akasema. "Mukubwa. Wanawake wanaendelea kuniletea jikoni kwa bwana, na mimi ninamupeleka kwa watu."

"Bwana hataki?" nikauliza.

"Aa, wale! Tangu kiangazi kile hawagusi. Siku ya kwanza nilipika vizuri na ndimu, bwana akainuka mezani, akasukuma sahani, akaniambia samaki ya mto huu isiingie tena ndani ya nyumba yake. Hata paka asipewe. Paka! Madamu mwenyewe alimwaga." Akacheka. "Wazungu wana kinyaa."

Katarina alicheka pia. Mimi sikucheka. Nilihisi baridi inanipanda kuanzia nyayo zilezile zisizohisi kitu. Nikamwambia arudie. Akarudia, sasa polepole, na safari hii alipofika kwenye paka, sauti yake ilimpotea. Pius alilitazama bakuli, akamtazama mkewe, akatazama tumbo la mkewe.

Walijua. Hebu kaa na neno hilo kidogo, kama nilivyokaa nalo mimi. Mtu aliyekuwa akimwaga sumu juu ya vichwa vyetu alijua haifai hata kwa paka wake, na jioni alitembea na fimbo yake kando ya kijito, akatuona na vikapu, akatupungia mkono. Hakusema. Neno moja la Kiswahili lilimshinda, naye Kiswahili cha kutukana alikijua vizuri.

Nililibeba lile bakuli, nikamwaga. Nikaingia jikoni, nikamwaga chungu cha Bi Asumini, nikavuta chini kamba nzima ya samaki wa moshi. Alinishika kikwembe akipiga mayowe.

"Mwenda wazimu wewe! Chakula ya mutoto!"

"Sumu!" nikasema. Lilitoka limepinda, nikalisema tena. "Sumu!"

"Nani alitufundisha kula? Si wewe? Si wewe uliyeingia kwa maji ukacheka?"

Ni kweli, ni mimi.

Usiku nilimweleza Ramazani habari ya paka, na asubuhi alinishika mkono tukaenda ofisini. Tulisimama juani mpaka karani akatoka. Ramazani alimweleza, karani akaingia, akatoka na jibu la bwana: kijito ni mali ya kompani, hakuna aliyetuambia tuvue, na mfanyakazi anayeacha kazi kabla ya mkataba kwisha anakwenda gerezani. Basi. Siku ya tatu walisimamisha ubao kando ya maji, umeandikwa Kifaransa. Wanawake wakaanika nguo juu yake.

Nikazunguka mimi mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nimeshika fimbo. Niliwaambia niliwadanganya bila kujua. Wengine walimwaga. Wengine walisema nawaonea wivu kitoweo. Mmoja alinusa mdomo wangu. Katarina alinisikiliza mpaka mwisho, amekaa kizingitini, halafu akauliza, "Na huyu aliye ndani?" Nilishika tumbo lake, sikuhisi kitu kwa vidole vyangu.

Wajomba walirudi kunichukulia mtoto. Hapo Ramazani, mtu ambaye miaka yote hakuwahi kumpinga mama yake hata kwa kukohoa, alisimama uani akasema, "Mutoto anaenda na mama yake." Bi Asumini akamlaani. Akarudia vilevile. Kwa neno hilo nilimsamehe ile siku ya kuninusa, karibu yote. Yeye alibaki, mkataba ulikuwa umemfunga.

Tukarudi Wamaza kwa mama yangu. Hapa nakusemesha wewe mgonjwa. Usitegemee kupona kama homa, leo unatetemeka kesho unalima. Mvua za kwanza mimi na Zawadi tulikaa mlangoni kama wazee. Mvua za pili ladha ya msumari iliondoka. Kiangazi baada yake nilitwanga mchi wangu wa kwanza, nikakosa kinu mara mbili. Utakuwa na hasira na watu wanaokupenda, hasa wanaokufungia nguo. Wavumilie, wao pia wamechoka. Usikubali mtu akuambie unaigiza. Na kama kuna samaki anayejileta mwenyewe mkononi mwako chini ya mashine, usiulize bibi yako, bibi yako hakuijua mashine.

Zawadi alikuwa akipanda polepole. Alitembea bila kuanguka, maneno yalirudi, mkono wa kulia tu haukutulia. Ndipo siku moja baada ya mavuno ya mpunga, Bi Asumini alitokea njiani kwa miguu, amekonda, vumbi mpaka kichwani, kikapu mgongoni. Alikuwa ametembea siku nyingi. Zawadi alimkimbilia akipiga kelele za furaha, na mimi sikumzuia, ni bibi yake.

Tukapeana mikono. Aliniambia Katarina alizaa mtoto wa kiume, anaishi, lakini ana zaidi ya mwaka sasa na shingo haijashika kichwa. Nilikwenda ndani kumletea maji, nikiwa na mtoto yule kichwani. Nilipotoka, kikapu kilikuwa wazi. Kambare wa moshi, wamepangwa vizuri katika majani, zawadi ya bibi kwa mjukuu. Na Zawadi alikuwa anatafuna.

Niliangusha kibuyu, nikamkamata shavu, nikaingiza vidole mdomoni mwake mpaka kooni. Aliniuma kwa nguvu zake zote. Niliuhisi ule mchomo, niliuhisi sawasawa, na sikuachia mpaka nilipotoa kipande cha mwisho. Mtoto alilia kama nimemchinja. Nikabeba kikapu kizima nikakitia motoni.

"Nimebeba hiyo samaki mimi!" Bi Asumini alilia. "Njia yote! Nimekula mbili tu, nyingine yote nimemuwekea yeye!"

Nikamgeukia nikiwa na maneno yote ya miaka mitatu yamejipanga, na sasa ulimi wangu uliyaweza. Niliyasema. Nilisema ya uchawi, ya wajomba, ya kichwa na maini. Yeye alijaribu kuinua kibuyu alichokiona chini ili anywe maji yaliyobaki, na mikono yake haikukifikisha. Kilicheza, kikamgonga meno, maji yakamwagikia shingoni. Akakiweka chini. Akaitazama mikono yake, akaificha chini ya kikwembe.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mulipoondoka," akasema. Maneno yake yalikuja yamechelewa. "Nilisema ni uzee."

Zawadi aliacha kulia. Mama yangu alitoka jikoni akasimama. Palikuwa na sombe juu ya moto na wali umeiva. Nilipakua sahani moja, nikakaa mbele ya mama mkwe wangu, nikafinya tonge, nikalipeleka mdomoni pake. Aligeuza uso kwa aibu. Nikasubiri. Akafungua mdomo, akala, tonge baada ya tonge, machozi yakimtiririka, na mimi nilimlisha mpaka sahani ikaisha, hasira yangu ikiwa bado ileile, haijapungua hata punje.